Wazee wa Tarehe Moja Januari

Sista Nasambu hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilimtia Oketch wasiwasi. Mtu akikupigia kelele, unajua bado anakutarajia. Sista, ambaye ndiye metroni wa hospitali ndogo ya misheni kwenye barabara ya kwenda Katito, alikuja mwenyewe mpaka Kisumu mjini. Akapanda ngazi hadi kile chumba kilicho juu ya duka la spea za baiskeli, akakataa soda, akakataa kiti, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Ile mashine yenu inalala."

"Inalala aje, Sista?" Oketch akauliza.

"Inalala. Mgonjwa anasimama kwa dirisha, Elsie anaandika, anabonyeza, halafu sisi wote tunaiangalia. Inanguruma. Inafikiria. Juzi mama mmoja alisimama hapo mpaka akaomba kiti, akakaa, akasinzia. Sasa wakawa wamelala wawili, yeye na mashine."

Oketch akacheka. Dorca hakucheka. Dorca alikuwa ameshachukua kalamu.

"Inalala kila mara, Sista?"

"Hapana. Saa zingine iko sawa. Saa zingine inalala. Sasa mimi niweke wagonjwa kwa saa zingine?" Sista akarekebisha mkoba wake begani. "Nawapa mpaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Nitakuja kusimama hapo kwa dirisha mimi mwenyewe. Ikilala, naifunika na shuka naipeleka stoo, na kadi zangu zinarudi. Kadi hazijawahi kusinzia."

Akashuka ngazi polepole, akimwachia kila mtu nafasi ya kufikiria.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane, wakati watu wengi Kisumu walikuwa wanajua kompyuta kama kitu cha kuchapia mwaliko wa harusi. Dorca, binti wa Nyakach, alikuwa amekaa karibu miaka miwili akitengeneza ile programu ya hospitali, ili mtu akifika dirishani habari zake zipatikane mara moja: dawa gani haipatani naye, alipasuliwa lini, sukari yake ilikuwa ngapi. Oketch alikuwa mwenzake wa kazi. Kazi yake hasa ilikuwa kujaribu kila kitu Dorca alichotengeneza mpaka kivunjike, na alikuwa na kipaji. Kiwanda cha sukari alichokuwa akifanyia kazi zamani kilimwambia aende nyumbani baada ya kufanya kila kompyuta ya ofisi isalimie meneja kwa Kijaluo na kukataa kufunguka mpaka ajibu.

Habari za wagonjwa zilikaa ndani ya databesi, yaani ghala ambalo kila kitu kimepangwa kwa meza zenye safu na mistari. Zile za kununua zilikuwa bei ya kununua ng'ombe wa kijiji kizima. Hii yao ilikuwa ya bure. Ilikuwa imeandikwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi hata kuonana, wakitumiana vipande kwa imeli. Kila mstari wa ndani ulikuwa wazi. Ukitaka kusoma unasoma, ukiona kasoro unarekebisha na kuwarudishia wenzako. Oketch ndiye aliyeileta kutoka Nairobi kwa disketi, furushi zima. Jina lake lilikuwa refu na la kigeni, kwa hivyo wao waliiita Mesa, vile nyanya zao huita meza.

"Tuanze," Dorca akasema.

Wakaanza. Oketch akatafuta habari zake mwenyewe kwenye nakala ya data waliyokuwa nayo. Zikatokea kabla hajaondoa kidole. Akatafuta za Dorca. Zikatokea. Akatafuta za watoto wa kliniki, za walimu, za polisi. Mesa ilikuwa inajibu kama mtoto aliyeahidiwa mandazi.

"Haina kitu," Oketch akasema. "Labda ni umeme wao. Labda ni Elsie. Labda Sista anaiangalia vibaya, mimi mwenyewe akiniangalia nalala."

Dorca alikuwa ameweka kiganja juu ya kasha la kompyuta, vile mama anavyopima mtoto homa. Hiyo ilikuwa tabia yake. Oketch alizoea kumcheka kwa sababu ya hiyo tabia, lakini moyoni alikuwa anaiogopa kidogo, kwa sababu mara nyingi mkono ulikuwa unapata kitu.

"Haiumwi ikiwa hapa," Dorca akasema. "Inaumwa ikiwa kule. Kesho twende tukakae kwa benchi."

*

Benchi la hospitali lilikuwa refu, la mbao, limeng'arishwa na makalio ya miaka mingi. Walikaa kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na kijana aliyekatwa na panga la miwa. Kutoka hapo walikuwa wanaona dirisha la Elsie, karani, msichana mwenye kucha nyekundu na mkono mwepesi kwenye vitufe.

Mtoto wa kikohozi akaitwa. Elsie akasoma tarehe kwenye kadi ya kliniki, akaandika, akabonyeza. Majibu yakaja. Kijana wa panga akaitwa. Majibu yakaja. Halafu akaja bibi mmoja na mkongojo na leso mbili, na mashine ikaanza kunguruma.

Ikanguruma. Elsie akapumzisha kidevu mkononi. Bibi akaegemea dirisha. Nyuma yake mtu akasema, "Imeanza tena."

"Unaona?" Oketch akanong'ona. "Inaogopa wazee. Imelelewa vizuri."

"Nyamaza, omera."

"Nasema tu. Vijana inawajibu haraka bila adabu. Mzee akija, inatulia."

Alikuwa anatania, lakini Dorca alimgeukia kwa macho makubwa. Akaangalia foleni. Mzee mmoja, vijana wawili, mama wa makamo. Akahesabu kwa midomo. Kila kijana, haraka. Kila mwenye mvi, usingizi. Oketch alimwona akisimama kabla hata yeye hajaelewa amesema nini cha maana.

Bibi mwingine alikuwa amefika dirishani, huyu hajawahi kuandikishwa.

"Dana, ulizaliwa lini?" Elsie akamuuliza, akimwita bibi kwa Kijaluo.

"Wakati wa nzige."

"Nzige gani, Dana?"

"Wale wa kwanza. Wale wa pili nilikuwa nimeshaolewa, nikawapika."

Elsie hakuuliza zaidi. Vidole vyake viliruka kwenye vitufe bila hata kuangalia. Dorca alikuwa ameshafika begani kwake, na kwenye kioo akasoma: tarehe moja, mwezi wa kwanza, mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini.

"Elsie, hiyo tarehe umetoa wapi?"

"Gani? Hiyo? Si ndiyo ya wazee."

"Ya wazee aje?"

Elsie alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua liko juu. "Mwenye mvi na hajui, ni mosi Januari thelathini. Mtu mzima na hajui, ni mosi Januari hamsini. Tulikubaliana kitambo, hata kabla ya mashine. Wengi hata kwa kitambulisho wameandikwa hivyo."

"Na wakirudi, unawatafuta kwa hiyo tarehe?"

"Tarehe na kijiji. Ndivyo mlinifundisha! Majina hapa yanafanana, nikitafuta kwa jina nitapata Otieno wa kutosha kujaza kanisa."

Dorca akajishika kichwa kwa mikono miwili. Oketch akadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko kile kisicho na sauti, mabega tu.

Njiani kurudi mjini alimweleza. Mesa ina kitu kinachofanana na faharasa ya kitabu: ukitaja tarehe, inakuonyesha kurasa ambazo watu wa tarehe hiyo wamelala. Tarehe ikiwa na watu watatu, hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Lakini Mesa inachukulia kwamba kila tarehe ina watu wachache, sawasawa, kama sahani zilizopangwa za harusi. Haijui kwamba kuna tarehe moja imekaliwa na maelfu.

"Fikiria umetumwa uhesabu watu wa Nyalenda," Dorca akasema. "Badala ya kupita mtaa mara moja, nyumba kwa nyumba, unaenda nyumba moja, unarudi ofisini kuuliza ya pili iko wapi, unaenda, unarudi kuuliza ya tatu. Mpaka uishe mtaa."

"Mimi ningelala njiani."

"Basi. Ndivyo inavyolala."

*

Siku iliyofuata Dorca alipofika kazini, alimkuta Oketch amekaa na miguu juu ya meza, uso unang'aa kama sufuria mpya.

"Nyar Nyakach, njoo uone. Nimeiponya."

Akaandika jina la kijiji, akatafuta mzee. Mzee akatokea papo hapo. Akatafuta mwingine. Papo hapo.

"Umefanya nini?"

"Nimewapa wazee siku za kuzaliwa." Akafungua mikono kama mhubiri. "Nimeandika programu kidogo, imewagawia tarehe bila upendeleo. Huyu amepata Machi. Huyu amepata Pasaka. Yule Dana wa nzige amezaliwa Krismasi, nadhani atafurahi."

Dorca akakaa chini. "Na Elsie akimtafuta kwa mosi Januari, atampata?"

Oketch akashusha mguu mmoja.

"Na akija Dana na kitambulisho kinachosema Januari, mashine inasema Disemba, dawa atapewa za nani?"

Mguu wa pili ukashuka.

"Ni nakala tu," akasema. "Sijagusa ya hospitali."

"Najua, ungekuwa umeigusa tungekuwa tunaongea vingine. Oketch, sikiza. Hatuwezi kumbadilishia mtu siku ya kuzaliwa kwa sababu mashine ni mvivu. Hao wazee hawana makosa. Elsie hana makosa. Mashine ndiyo ibadilike."

"Sasa mashine inabadilishwa aje?"

"Si iko wazi? Tufungue."

Kuna watu husema neno kama hilo halafu wanaenda kunywa chai. Dorca alichapisha. Ile printa ya sindano ililia asubuhi nzima ikitoa karatasi ndefu zenye matundu pembeni, sehemu yote ya Mesa inayoamua njia ya kutafuta. Zikajaa mezani, zikajaa sakafuni, zikateremka ngazi. Mzee Hiram, mwenye duka na mwenye nyumba, mtu wa Murang'a aliyekuja Kisumu kuuza minyororo na pedali na akasahau kurudi, alitoka kuangalia.

"Dorca! Hii ni nini inaingia dukani? Mnashona pazia?"

"Tunatafuta kosa, Mzee."

"Kosa refu hivi?"

Dorca alisoma kwa magoti, na penseli mdomoni. Oketch alijua kusoma programu, lakini alikuwa anasoma vile watu wengi husoma gazeti, akiruka mpaka kwa michezo. Dorca alisoma kama mtu anayefuata nyayo za mwizi. Hii imetoka wapi, inaenda wapi, nani anaiita, ikirudi inarudi na nini. Watu walioandika hizo kurasa walikuwa ng'ambo, hawamjui, na yeye alikuwa anaingia vichwani mwao chumba kimoja baada ya kingine, akiwasha taa. Oketch alimletea chai na akasahau kumtania. Chai ikapoa, akaleta nyingine, akasahau tena.

"Oketch! Kuja hapa uone!"

Alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango, kidole kwenye mstari. Hapo mwandishi mmoja alikuwa amewaachia wenzake maneno mafupi: tunachukulia kwamba kila thamani, iwe tarehe au namba, ina idadi sawa, si kweli, tutarekebisha siku moja.

"Walijua!" Oketch akasema.

"Walijua. Hawakuwa tu na wazee."

*

Jioni hiyo wakagawana kazi. Dorca angeshona kiraka, yaani mistari mipya ya kuingiza ndani ya Mesa. Mesa ilikuwa na kawaida ya kupita mara kwa mara ikihesabu mistari ya kila meza. Yeye alitaka, ikipita, iandike pia ni thamani zipi zinazojirudia kupita zote, na mara ngapi. Halafu ikiulizwa mosi Januari, ijue: hii ni tarehe yenye umati, usiende nyumba kwa nyumba, pita mtaa mzima mara moja.

Oketch naye angewaandikia wenye databesi kwenye barua yao ya pamoja, ile ambayo ukituma moja wanaisoma mamia duniani kote. Aliifurahia hiyo kazi kupita kiasi. Akawaambia anaandika kutoka ufuo wa ziwa, ambako watu elfu sita walizaliwa asubuhi moja, na mkunga mpaka leo hajakaa chini. Akaongeza ya nzige. Akaongeza ya Sista na shuka. Akaituma wakati wa chakula cha mchana, saa ambayo Mzee Hiram aliwaruhusu kutumia simu ya duka, na akalala usingizi mzuri.

Kiraka kilipomalizika wakakijaribu. Dorca akatafuta mzee. Papo hapo. Oketch akapiga meza, akaruka, akaimba. Wakaiacha programu itafute wazee mfululizo, bila kupumzika, ili waone. Ikatafuta vizuri. Kabla ya chakula cha mchana, Mesa nzima ikaanguka. Kioo kikasema kumbukumbu imejaa, na basi.

Wakaianzisha tena. Ikaenda vizuri, ikaanguka tena. Dorca akarudi kwa magoti. Siku zikaanza kupita vibaya. Kila akigusa hapa inaanguka pale, na sasa hata Oketch alikuwa anaona ile Jumatatu imesimama mlangoni na shuka mkononi.

"Tuipeleke tu hivyo," Oketch akasema. "Ikianguka Elsie ataiwasha."

"Ikianguka na mtu yuko kwa meza ya upasuaji, damu yake ni ya aina gani hakuna anayejua? Hapana. Wale wa ng'ambo wamejibu?"

Walikuwa wamejibu. Hiyo ndiyo habari Oketch alikuwa amekaa nayo tangu mchana kama mawe kwenye viatu.

Bwana mmoja wa Denmark, ambaye ndiye alikuwa kama mwenyekiti wao, aliandika kwamba alicheka mpaka akamwaga kahawa. Lakini barua ya pamoja ni ya matatizo ya kweli. Watu elfu sita hawawezi kuzaliwa siku moja. Kama hiyo data ipo, mtu ameiharibu, waisafishe kwanza. Wengine wakaongezea utani wao kuhusu mkunga. Mmoja akauliza kama Kisumu tarehe moja Aprili, siku ya wajinga, huwa inafika kwa kuchelewa.

Dorca akasoma yote. Halafu akasoma barua yenyewe ya Oketch, neno kwa neno, na Oketch akaangalia dari.

"Wanadhani ni mzaha," Dorca akasema.

"Si ilikuwa mzaha kidogo. Kwa kuchangamsha."

"Ilikuwa mzaha wa nani? Mimi nimekaa magotini wiki nzima. Yule Dana amesimama kwa dirisha. Wewe ukatuuza wote kwa kicheko cha mtu wa Denmark."

Hakuinua sauti, kama Sista tu. Oketch alikuwa ameshafukuzwa kazi kwa kelele na hakuumia hivi.

"Niwaambie nini?"

"Kilichotokea. Kikavu. Kaa hapa."

Akakaa. Hajawahi kuandika kitu kigumu kama hicho. Kila sentensi ilimjia na kicheko mfukoni, na kila mara ilibidi aipekue, akitoe, aiache ipite mikono mitupu. Karani anafanya nini. Kwa nini. Mashine inaamua nini. Inachukua muda gani. Alipomaliza, Dorca akaongeza chini programu fupi ya mistari michache. Haikuwa na Kisumu ndani yake, wala wazee, wala majina. Ilijaza tu meza namba, nusu yake namba moja hiyo hiyo, halafu ikaitafuta.

"Hii ya nini?"

"Sitaki watuamini. Nataka waendeshe."

Mwisho akaambatanisha kiraka chenyewe, na akamwambia aandike: kiraka hiki kinafanya kazi lakini kinaangusha mashine baada ya muda, na hatujui kwa nini.

"Utawaambia umeshindwa?" Oketch akauliza. "Hawa wanaotucheka?"

"Nimeshindwa. Si ndiyo ukweli? Wao ndio wanaijua ndani. Tuma."

Mchana uliofuata, modemu, kile kisanduku cha kupitisha barua kwa laini ya simu, ikaanza kulia. Barua ikafika katikati, na chini Mzee Hiram, ambaye siku hiyo alikuwa amechelewa kwenda kula, akainua simu.

"Haloo? Nani huyu analia kwa simu yangu?"

"Mzee, weka chini!" Oketch akapiga kelele akishuka ngazi mbili mbili.

"Kuna nyani kwa laini!"

"Si nyani, Mzee, ni barua!"

"Barua inalia?"

"Hii inalia. Tafadhali, baba, nenda ukale, mimi nitakulindia duka."

Mzee Hiram akaenda, akigeuka nyuma mara kwa mara kuangalia ile simu. Barua ikatoka.

*

Kesho yake mchana, majibu yaliingia moja baada ya lingine, na Dorca akasimama nyuma ya kiti cha Oketch, ngumi imefunika mdomo.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Poland. Aliandika kwamba vita vilipoisha kwao, makaratasi ya miji mizima yalikuwa yameungua, na waliobaki waliandikishwa tarehe moja Januari. Anawajua hao watu. Mmoja ni shangazi yake. Ameendesha programu ya Dorca na mashine yake imelala. Baada yake akaja mtu wa Manila, kwao ni rejista ya mashamba, tarehe isiyojulikana huandikwa ile ile. Halafu daktari wa Kanada anayehudumia wakimbizi. Ikawa kama kanisani, mtu mmoja akishasimama kutoa ushuhuda, wengine wanaona kumbe hata wao wana wa kwao. Miaka yote hao watu walikuwa wamekaa na Mesa inayolala, kila mmoja akidhani ni data yake iliyo chafu.

Bwana wa Denmark alikuwa wa mwisho. Barua yake haikuwa na utani.

"Soma kwa sauti," Dorca akasema.

"Anasema ameendesha. Anasema ana mashine kubwa, mpya, na ameikalia akiiangalia kama yule mama wa kwenye benchi. Anasema pole. Anasema ni yeye aliyeandika yale maneno, ya tutarekebisha siku moja." Oketch akashuka mistari miwili. "Halafu anasema amekisoma kiraka chako mstari kwa mstari, tangu jioni. Kuna mahali unaazima kumbukumbu kila mtu akitafutwa, na hurudishi. Ni mstari mmoja tu umekosekana. Ameuweka. Na anasema... ngoja. Anasema kazi hii ni safi kuliko vile yeye angefanya, na ataiweka kwenye toleo lijalo la wote. Anauliza aandike jina gani."

Dorca akachukua karatasi, akautafuta huo mstari ulipokosekana, akaupata, akagonga paji la uso na kiganja.

"Nimepita hapo mara mia," akasema. "Mungu wangu. Mara mia."

Halafu akacheka, na safari hii kwa sauti, mpaka Mzee Hiram akagonga dari yake na fimbo ya ufagio.

"Mwambie Dorca Anyango. Na uandike la kwako."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umeandika barua nzima bila mzaha. Nilikuona. Ulikuwa unatoka jasho."

Waliiacha Mesa itafute wazee tangu hapo mpaka Jumapili. Haikuanguka, na jioni hiyo wakaipeleka hospitalini.

*

Jumatatu Sista Nasambu alisimama kwa dirisha kama alivyosema, mikono nyuma, saa yake imebandikwa kifuani. Dorca na Oketch walisimama ukutani. Hakuna aliyewapa kiti.

Akapita mtoto. Majibu. Akapita mwalimu. Majibu. Sista hakupepesa macho. Hao hakuwa na haja nao. Halafu akafika mzee mmoja mrefu, kofia mkononi, amevaa koti la suti kwa ajili ya hospitali.

"Karibu, Mzee. Kijiji?"

Akataja kijiji.

"Ulizaliwa lini?"

"Aa, nyathina, mtoto wangu. Mimi nitajuaje? Nilikuwa mdogo."

Elsie akaandika tarehe moja Januari thelathini, akabonyeza, na kwa mazoea akasema, "Keti hapo kidogo, Mzee, mashine ina..."

Mzee akageuka, akaanza kujishusha kwenye benchi, mkono mmoja kwenye goti. Hajafika.

"Mzee!" Elsie akaita. "Usikae! Uko hapa! Umepatikana!"

"Tayari?"

"Tayari. Pumu. Chumba cha pili, mkono wa kulia."

Mzee akanyooka tena, akilalamika kwamba sasa amesumbuliwa magoti bure. Akaja bibi. Tayari. Akaja mzee mwingine na ndugu yake, wote wa mosi Januari, wamepishana kijiji tu. Tayari, tayari. Foleni ilianza kusogea mpaka watu wa nyuma wakaanza kuulizana kama wanafukuzwa.

Oketch hakuwa anaangalia mashine. Alikuwa anamwangalia Dorca, aliyekuwa anawaangalia wale wazee wakiingia ndani mmoja mmoja, kila mtu na tarehe yake ile ile, bila mtu kuibadilisha. Akawaza kwamba huko Poland na Manila kuna wengine saa hizi wanapita dirisha kama hili, hawajui kuna msichana wa Nyakach alikaa magotini kwenye ngazi za duka la baiskeli. Akatafuta neno la kumtania nalo, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Akaona bora aliache.

Sista alikaa hapo mpaka benchi likabaki mbao tupu. Ndipo akageuka. Dorca akajinyoosha kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Elsie," Sista akasema, bado anamtazama Dorca, "ile shuka niliweka kwa droo. Rudisha wodini, kuna mgonjwa anaihitaji."

Halafu akaanza kwenda zake. Alipofika mlangoni akasimama.

"Na nyinyi wawili, msiende bado. Njooni muone wodi ya akina mama wanaojifungua. Huko nako naitaka hii kitu. Huko angalau tarehe tunazijua."